Mtu Mmoja Bado Kazini

Miaka ishirini Ndambiri alikuwa akiongea kwa sauti ya juu hata akiwa nyumbani, kama watu wote wa mtambo. Kinu cha pamba kilipozimwa, mwezi wa tatu mwaka wa tisini na tano, aliendelea hivyo wiki mbili. Kisha sauti yake ikashuka, na mkewe Ruguru akaingiwa na hofu asiyoweza kuitaja.

Sababu kila mtu aliijua. Soko la Ishiara lilikuwa limejaa mitumba. Viwanda vya nguo huko mbali vikashindwa na bei yake ya chini, vikaacha kununua pamba, na pamba ya wakulima ikabaki maguniani ikiliwa na panya. Wafanyakazi themanini na wanne waliambiwa kwa mdomo tu, waende nyumbani wangoje.

Ndambiri aliingia pale akiwa kijana wa kubeba magunia. Fundi mmoja Mhindi akamfundisha kunoa misumeno ya duara, ile inayotenga nyuzi na mbegu, naye akaishika kazi hiyo mpaka ikawa yake. Mkono wake wa kushoto una vidole vinne. Cha tano kilibaki kazini mwaka ule aliozaliwa Kithaka, kifungua mimba wao. Ruguru alimwona mara ya kwanza siku alipofika na baba yake kupeleka mavuno. Ndambiri alikuwa amesimama juu ya mtambo, nyusi zimejaa pamba kama mzee wa miaka mia. Ruguru alicheka sana. Yeye hakusikia, mle ndani hakuna aliyesikia kitu.

Sasa kinu kilipozimwa, meneja alimwita Ndambiri kando. Alimwomba awe anafika kila alfajiri kupaka misumeno mafuta isishike kutu. Mshahara hakuna, lakini msimu ukirudi yeye ataitwa wa kwanza. Asiwaambie wenzake, wasije wote wakajazana langoni. Na jambo moja asilisahau: aweke sahihi kwenye daftari la lango, akiingia na akitoka.

Ruguru alimuuliza mtu asiyelipwa anaweka sahihi ya nini. Ndambiri akasema ndiyo amri.

Siku moja alimpelekea uji. Misheck, askari wa lango, alikuwa amelifungua daftari juu ya meza, na ukurasa mzima ulikuwa na jina moja tu, kutoka juu hadi chini. Wanaume wawili wenye tai walikuwa wameinama juu yake na kamera. Mtambo hawakuutazama hata kidogo. Walipiga picha ukurasa, wakaufunua mwingine, wakapiga tena. Ruguru alirudi nyumbani na uji wake, na siku hiyo hakula.

Mwezi wa nane chifu akatangaza kwamba serikali itawasaidia watu ambao viwanda vyao vimefungwa kwa sababu ya bidhaa za nje. Watapewa posho ya nusu mwaka, na wanaotaka watafundishwa kazi nyingine. Afisa wa leba angekuja kuandika majina. Ndambiri alisema anataka kujifunza kuchomelea vyuma, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu akacheka.

"Baba Kithaka," Ruguru alimwambia, "basi acha kuenda huko."

"Na kutu ikiingia? Ile misumeno ni mimi nimeinoa."

Siku ya kuandikwa, foleni ilizunguka ofisi ya chifu. Ndambiri alitoka kinuni moja kwa moja, ovaroli ikiwa bado na mafuta, akaungana na Ruguru kwenye foleni. Nyuma yao alikuwa jirani yao Teresia, aliyekuwa akichagua pamba miaka kumi na saba. Alikuwa akiwachekesha watu, ati yeye atajifunza kuendesha lori, na wa kwanza kukanyagwa ni meneja.

Afisa, kijana mwenye miwani, alifungua faili, akasoma, akasimama. Akawaambia hakuna haja ya foleni.

"Msaada huu ni wa kiwanda kilichofungwa," alisema. "Chenu hakijafungwa. Kampuni imeandika kwamba kimepumzika tu, kwa hiyo hakuna wa kulipwa kiinua mgongo. Nina kurasa za lango hapa. Kuna mfanyakazi anaingia kila siku."

Mtu mmoja akasema wanaoingia mle ni panya, na watu wakacheka. Ruguru aliishika ovaroli ya mumewe kwa nyuma, akaivuta.

"Ndambiri ni nani?" afisa akauliza.

Ruguru alivuta tena. Lakini Ndambiri maisha yake yote akiitwa jina aliitika.

"Ni mimi, bwana afisa."

Alijieleza. Afisa alimsikiliza vizuri, halafu akauliza kama kuna yeyote mwenye barua ya kuachishwa kazi. Hakuna aliyekuwa nayo. Basi akafunga faili. Orodha ilikuwa inaondoka siku hiyohiyo, na wao hawamo, mpaka kampuni yenyewe iandike kwamba imefunga.

Muthamia, mkubwa wa wapakiaji, alimsogelea Ndambiri karibu sana.

"Walikuwa wanakupa ngapi, fundi?"

"Sijapewa hata ndururu. Nilikuwa nakitunza kinu kwa ajili yetu sote."

"Miezi mitano. Kwa siri." Muthamia alisema polepole, kama anayefundisha mtoto. "Mjinga ndiye angefanya hivyo bure. Na wewe si mjinga."

Akageuka, akaondoka. Wapakiaji wakamfuata mmoja mmoja, bila kuagana na mtu.

Ndambiri alibaki akimweleza afisa habari za kutu, ingawa afisa alikuwa ameshaingia garini. Teresia akaja akasimama kando ya Ruguru, akitazama kwingine.

"Mama Kithaka, msipite njia ya kwetu leo. Zungukeni kule mtoni."

Ruguru alitazama barabarani. Muthamia na wenzake walikuwa wameshaishika njia hiyo, na hakuna nyumba ya hata mmoja wao iliyokuwa upande ule.

"Watoto wako nyumbani?" Teresia aliuliza.

Ruguru alikuwa ameshavua viatu, anakimbia.