Nyonga ya Mtachoka

Nilifika Mbaha, kijiji cha kando ya ziwa, na vumbi la nusu ya nchi. Nilitoka Bukoba, nikalala Dodoma, nikalala Songea, na Mbinga nikapata lifti kwenye gari lililokuwa likishuka ziwani kufuata dagaa. Nilikuwa nimeitwa kujenga madarasa. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, mkulima wa mihogo. Aliyenipokea uani alikuwa mbwa wake, Mtachoka.

Kule, jina la mbwa ni ujumbe. Mama alikuwa amegombana na mama jirani kuhusu mpaka wa shamba, hawasalimiani. Kila jioni akisimama uani kuita, jirani alijua anayeambiwa atachoka si mbwa.

Lakini mbwa huyo ndiye aliyewazuia nguruwe pori wasimalize mihogo. Pikipiki ilipomgonga akawa anaburuza mguu wa nyuma, mama hakula. Alisema bila mbwa hana shamba. Tukampandisha kwenye gari, juu ya magunia ya dagaa, hadi Mbinga, ambako daktari mmoja wa mifugo, mzaliwa wa pale, alikuwa likizo. Kazini kwake Morogoro alipasua wanyama waliovunjika mifupa.

Alipoona picha ya eksirei alisema kikombe cha nyonga kimepasuka. Mama akaninong'oneza, mbwa amemeza kikombe cha nani? Daktari akakunja ngumi, akaifunika kwa kiganja cha mkono wa pili. Ngumi ni kichwa cha mfupa wa paja. Kiganja ndicho kikombe ambamo kinazunguka. Ufa ulipita pale panapobeba uzito. Ukiunga vibaya, mifupa itasagana na mbwa atachechemea maisha yake yote.

Niliomba kuangalia upasuaji, nikapewa kazi ya kushika taa. Nilidhani chuma cha kushikilia ufa huja na umbo lake tayari. Kumbe kilikuwa kibati kinyoofu chenye matundu, cha kuungia mifupa midogo ya binadamu. Daktari alikipinda kwa koleo, akakipima juu ya ukingo wa kikombe, akakitoa, akakipinda tena, mpaka kikalala bila kuacha mwanya. Msaidizi wake alikuwa amevuta pembeni mshipa wa fahamu, mnene, mweupe. Ukiumia huo, mguu unapooza hata mfupa ukipona. Kisha skrubu zikaingia.

Sharti likawa mbwa asikimbie wala kuruka kwa wiki kadhaa. Banda imara lililokuwa tupu lilikuwa la nguruwe, kwa jirani. Mama hakwenda kuomba, alinituma mimi. Jirani akasema yeye na mbwa hawana ugomvi, aletwe.

Tabu ni kwamba mbwa hakutulia mpaka aitwe jina lake. Asubuhi moja tukamsikia jirani bandani:

"Mtachoka, lala chini. Mimi nimeshachoka."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akajifunga kanga, akavuka mpaka, akamsalimia.

Madarasa yalipokwisha niliondoka, na sijarudi tena. Siku hiyo mbwa alikuwa ameshaachiwa, lakini mguu ule aliukanyagia kwa kuuonea huruma, na mama hakuthubutu kumpeleka shambani. Dereva akapiga honi. Mtachoka akalizunguka gari, akanusa tairi, akainua mguu mzima, akasimama sawasawa juu ya ule wenye chuma, akakojoa kwa raha zake.

Dereva akatukana. Mama hakumsikia. Alikuwa amekwenda kuchukua jembe.