Jina Nililoliongeza

Kwa miaka mingi nimefundisha historia katika shule moja ya binafsi huku Bawshar, Uarabuni, na somo ninaloliogopa kuliko yote ni lile la Waarmeni. Si kwamba ni gumu kulieleza. Dola ya Uthmaniya iliwatoa majumbani mwao, wanaume wengi wakatengwa na kuuawa, wanawake na watoto wakatembezwa kwa miguu kuelekea jangwa la Shamu, na wengi mno wakafia njiani. Ninaliogopa kwa sababu nikimaliza kulifundisha narudi nyumbani Ansab, ambako tuko wawili tu, mimi na mama yangu, na ya kwetu hatuyasemi.

Mama alitoka Unguja akiwa msichana, wakati wa mapinduzi. Kaka yake wa pili aliondoka asubuhi kwenda kutazama duka, hakurudi. Hata hilo nililisikia kwa watu, si kwake.

Mwaka huu nilipeleka darasani habari za matangazo ya magazetini. Waarmeni waliosalimika walikuwa wakitangaza kutafuta jamaa zao, huyu dada yake, yule mwanawe. Wanafunzi wangu, ambao kwa kawaida hunisikiliza kama ninawasomea karatasi ya dawa, siku hiyo waliweka kalamu chini. Msichana mmoja, wa kina sisi tuliotoka Unguja, akainua mkono.

"Abla," akasema, maana ndivyo wanavyotuita walimu wa kike, "waliacha lini kutafuta?"

Nikamjibu kwa sauti yangu ya ubaoni kwamba inafika siku lazima jina liandikwe pamoja na majina ya waliokufa, ili walio hai wapumzike.

"Na nani anaichagua hiyo siku?"

Nikawaambia wafunge vitabu, kengele inakaribia. Zilibaki dakika kumi nzima.

Lakini jibu langu lilinipendeza. Nilikwenda nalo mpaka nyumbani, nimevimba kichwa.

Kila Shaabani mama husomesha khitma. Wanawake huja baada ya alasiri, hugawana juzuu, wakimaliza mwalimu wa chuo cha Kurani huomba dua na kuwarehemu marehemu wetu, mmoja mmoja, kutoka kwenye karatasi. Karatasi hiyo huiandika mimi, kwani macho ya mama hayamsaidii tena. Yeye hutaja: baba yake, mama yake, kaka yake mkubwa. Hapo hunyamaza kidogo, kisha huenda kwa shangazi yake. Kila mwaka ni hapo hapo. Kwetu mtu ambaye haikuonekana maiti yake wala kaburi haingii katika karatasi ile. Kumtia ni kumfisha. Nalijua hilo tangu utotoni.

Mwaka huu aliponyamaza, niliandika jina la mjomba wangu wa pili, yule asiyerudi. Sikumwambia. Nilijidai namtendea wema, na huo ni uongo nusu. Nilitaka alisikie jina, alie, na akilia tuzungumze, nami nisiwe tena mtu anayekula chakula cha usiku na mama yake kama abiria wawili wasiojuana. Hilo ndilo lililonisukuma.

Jina lilisomwa kwa sauti ile ile ya majina mengine. Mama akainua uso.

"Umesema nani, mwalimu?"

Mwalimu alidhani bibi hakusikia vizuri, akarudia.

Mama hakulia. Alivuta mtandio mpaka kwenye paji, akakaa mkao wa mfiwa. Wanawake wakatazamana. Mmoja akafunika sahani ya halua, akamsogelea akampa mkono. "Mungu akupe subira, bibi." Wengine wote wakafuata. Khitma ya marehemu wa zamani ikageuka tanga la mtu aliyekufa saa ile, na aliyemuua nilikuwa mimi, nimesimama mlangoni na birika la kahawa.

Alikaa tanga siku tatu. Watu walipiga simu kuuliza nani kafariki, na kuwajibu ilikuwa kazi yangu. Walipouliza kazikwa wapi, nilisema mtandao mbaya, sisikii. Nilikula jikoni kwa kusimama. Nyumba ilijaa wageni asubuhi na jioni, na katika maisha yangu yote sijapata kuwa peke yangu namna ile.

Siku ya nne akatoka chumbani, akakaa mezani, akaniomba chai. Nikaanza kumtaka radhi, akanikata kwa mkono.

"Hao Waarmeni wako," akasema. Miaka yote ninatayarisha masomo kwa sauti pale mezani, na sikuwahi kudhani kwamba ananisikiliza. "Walingoja miaka mingapi?"

"Wengine mpaka wakafa, mama."

"Wakingoja?"

"Wakingoja."

Akakizungusha kikombe polepole juu ya kisahani.

"Na mie nlikuwa nnangoja," akasema. "Sikukwambia kwa sababu hukuniuliza. Ungeniuliza, mwanangu, ningekwambia. Sasa mlango ukigongwa, ntamtaraji nani?"