Mwaka Mvua Ilipoaga Mara Mbili

Enzi zetu, na ninyi mliokulia Mbozi mtakuwa mashahidi wangu, mwezi wa tano ulikuvalisha na kukuvua nguo kabla hata hujala ugali wa mchana. Asubuhi unafungua mlango, ukungu umelala juu ya mibuni, choo chenyewe hukioni kilipo, na meno yanagongana. Saa nne jua limeshatoka, sweta liko kiunoni. Saa saba utosi unawaka, mnagombania kivuli cha ukuta wa darasa. Saa kumi upepo unashuka kutoka upande wa Ileje, baridi inaanza upya, na wewe sweta umeshalisahau shuleni. Hapo sasa ukifika nyumbani utakiona cha mtema kuni.

Sweta langu mimi lilikuwa la mtumba. Baba alilinunua Tunduma, miaka ile mitumba ndiyo kwanza inafurika na kila mtu anarudi kutoka mpakani na kifurushi kwapani. Kifuani lilikuwa na picha ya mnyama mwenye pembe kama matawi makavu. Shule nzima hakuna aliyemjua. Bibi, mama yake baba, alimtazama sana, akasema, "Huyu ni mbuzi wa Wazungu, baridi yao ndiyo imemfanya hivi." Basi nikaitwa Mbuzi wa Wazungu mpaka namaliza darasa la saba, na hakuna aliyekimbilia kwa mwalimu kusema amedhalilishwa. Mtoto wa siku hizi ukimwita tu jina la utani, anakununia wiki nzima.

Jamani, umande wa kipindi kile! Tulikuwa tunakwenda shule miguu mitupu, tunafukuzana kuwahi namba, majani yamejaa maji, mpaka mnafika magoti yamelowa na miguu imepauka kama iliyopakwa majivu. Mwalimu wa zamu anatukimbiza mchakamchaka mpaka damu inachemka. Mchana ukirudi, jua kali, njia ile ile ya asubuhi sasa ina vumbi. Tunapita mashambani tukiiba matango, tunavunja mabua ya mahindi yaliyobaki na utamu tunatafuna kama miwa, midomo inachanika. Jioni ni mwendo wa kuzunguka moto jikoni, maboga ya kuchemsha, maharage mapya, na mama anasema, "Sogeeni, moto si wa mtu mmoja." Mwanangu mimi akisikia baridi anaingia chumbani peke yake na blanketi na simu. Anapata joto, sikatai.

Sasa katikati ya vurugu hiyo ya jua na baridi, wakubwa wote walikuwa wanangoja kitu kimoja: mvua ya kuaga. Kwetu kifuku, yaani msimu wa mvua, hakikuondoka kimyakimya. Mvua ilikuwa inakatika, jua linapiga siku nyingi, ardhi inapasuka, mtu unasema basi, kiangazi hiki. Wenyewe walikuwa wanakwambia subiri. Lazima irudi mara moja ya mwisho, iage, ndipo iondoke. Na mpaka iage, hakuna mwanamke mwenye akili zake aliyesiliba uwanja wa kupuria ulezi. Ulezi ukishakatwa unaanikwa chini, kwenye uwanja uliopakwa kinyesi cha ng'ombe ukakauka ukawa laini. Mvua ikiukuta hapo, umekwisha.

Pale kwetu, mtu wa kusema mvua imeaga au haijaaga alikuwa Bibi. Alikuwa mfupi, mkali, ana sauti ya kuita mtu wa kijiji cha pili, na Kiswahili chake kilikuwa kimejaa Kinyamwanga mpaka wageni wanauliza anagomba na nani. Alama zake zilikuwa mbili. Mvua yenyewe inyeshe alasiri huku jua linawaka, halafu asubuhi yake ukungu uwe mzito na baridi ya kuumiza vidole. Akiviona vyote viwili anatoka nje, anatazama upande wa milimani, anasema, "Imeaga." Basi majirani nao wanaanza kusiliba. Tangu nizaliwe sikuwa nimesikia amekosea.

Mwaka ninaotaka kuwasimulia ni ule dada Sekela alipoolewa. Dada Sekela alikuwa mkubwa wetu, mpole, ana mwanya, na alikuwa amechumbiwa na kijana wa Itumba, kule Ileje. Wakwe walikuwa wamepanga kuja kumchukua mwanzoni mwa mwezi wa sita. Harusi ni harusi, mtasema. Lakini nyumbani kwetu binti hakuondoka na masufuria na vitenge tu, maana vitu hivyo kila nyumba ilitoa. Cha kwetu kilikuwa mbegu ya ulezi. Bibi mwenyewe alikuja nayo alipoolewa, mama yake aliifunga kwenye pindo la nguo yake. Ulezi mwekundu sana, suke lake limefumba, na ugali wake, weee, ukiula na maharage hutaki kuongea na mtu. Shangazi zangu wote waliolewa nayo. Bibi alikuwa na msemo wake: "Mwanamke asiye na mbegu yake anapika cha watu." Sekela alikuwa mjukuu wa kwanza kuolewa, na Bibi alikuwa ameapa kumfungia mbegu kwa mkono wake.

Tatizo ni kwamba mwaka ule mvua ilikatika mapema, halafu joto likagoma kuondoka. Jua la mwezi wa kumi lilikuwa limekuja kuishi nasi mwezi wa tano. Mbwa walishinda chini ya ghala. Ulezi ukakauka shambani, ndege wakaanza kuula, na mvua ya kuaga hakuna. Mama akawa anamuuliza Bibi kwa adabu, "Mama, bado?" Bibi anajibu, "Bado." Kesho tena, "Mama, wakwe wanakuja." "Kwani mvua inawajua wakwe zako?" Mimi na wadogo zangu tunacheka chini kwa chini, maana mama naye alikuwa si mtu wa kujibiwa hivyo na mtu mwingine yeyote.

Alasiri moja likapita wingu dogo, likamwaga mvua ya kulowesha vumbi tu, jua likiwa linawaka. Asubuhi yake tukaamka na ukungu na baridi. Bibi akatoka nje. Siku hiyo alikaa kule nje muda mrefu kuliko kawaida yake, amejifunga kitenge mpaka shingoni. Halafu akarudi akasema, "Imeaga." Baba alipiga makofi. Mimi nadhani, na nimelifikiria hili utu uzima wangu wote, kwamba Bibi aliona alichotaka kukiona, kwa sababu alimpenda sana Sekela. Moyo ukipenda, macho yanafuata.

Tukasiliba uwanja. Tukakata ulezi, kila mtu na kisu chake kidogo, vikapu vinakwenda na kurudi, jua lile lile likituunguza migongo, dada Sekela anataniwa na wanawake mpaka anaficha uso kwenye kikapu. Ulezi wote ukatandazwa uwanjani. Masuke ya mbegu Bibi aliyachagua moja moja, akayaanika pembeni juu ya jamvi, yakauke kabla hajayapandisha darini kwenye moshi. Alikaa karibu nayo na kijiti cha kufukuzia kuku, na kuku wenyewe waliacha hata kupita upande ule.

Jumapili tukaenda wote kanisani. Mchungaji alikuwa katikati ya mahubiri, watu wanajipepea na vitabu vya nyimbo kwa joto, mara kanisa likaingia giza. Tone moja likagonga bati. Ta! Hakuna aliyegeuka. Tone la pili, la tatu, halafu bati zima likanguruma na sauti ya mchungaji ikapotelea humo humo. Nilimwona mama amefumba macho. Wanawake wakaanza kunyanyuka mmoja mmoja, wanainama kwa heshima mpaka mlangoni, wakifika nje wanatimua mbio. Mchungaji naye mkewe alikuwa ameanika. Akafunga Biblia akapaza sauti, "Aliyeanika na aende, Mungu anamwona!"

Tulikimbia, viatu mkononi, gauni la Jumapili limeshikana na mapaja, Bibi nyuma yetu anaita tu, "Jamvi! Jamvi!" Tulipofika uwanja ulikuwa umegeuka bwawa. Ulezi unaelea. Jamvi lilikuwa limebebwa na maji mpaka kwenye migomba, masuke yamezama kwenye tope. Tukazoa tulichoweza kwa mikono, kwa ungo, kwa sufuria, tukarundika ndani. Bibi alisimama mvuani hataki kuingia. Baba akaenda kumshika mkono, akamwambia, "Mama, ingia, utaugua." Bibi akasema, "Leo ndiyo imeaga." Sikuwa nimewahi kumwona Bibi akilia, na ilinitisha kuliko radi.

Ile mvua ilileta baridi na manyunyu siku kadhaa, jua hakuna. Wanaoujua ulezi wanajua kilichofuata. Mama aliingiza mkono kwenye lundo akautoa na vimizizi vyeupe vimeshikana. Wote umechipua. Mama akakaa chini, akatutazama, na sisi tukangoja kilio. Akaangua kicheko. "Si kimea hiki? Basi wakwe watakunywa mpaka wasahau njia!" Maana ulezi uliochipua ndicho kimea cha togwa, na sisi tulikuwa na kimea cha kulisha wilaya. Harusi ile watu wanaikumbuka mpaka leo. Mapipa ya togwa yalipangwa kuanzia jikoni mpaka barabarani. Wazee wa kanisa walikuwa wanazunguka zunguka pipa moja la mwisho, lililokaa sana na kuchachuka, wanasema hiyo togwa ndiyo ina vitamini.

Lakini mbegu ya kimea haioti tena. Ndicho kilichomkalia Bibi kooni. Darini hapakuwa na kitu, akiba ya mwaka wa nyuma yote ilikuwa imeingia shambani. Shangazi mmoja alishafariki, wengine walikuwa wamehamia mjini wananunua unga dukani. Siku chache kabla ya wakwe kuja, jua likiwa limerudi lakini la kiangazi sasa, jepesi, Bibi alituchukua mimi na dada Sekela akaturudisha shambani. Tukatafuta vile vichipukizi vya nyuma, masuke madogo yaliyokuwa mabichi wakati wa kukata tukayaacha. Ndege walikuwa wameshayapitia. Tulipita mstari kwa mstari, tunainua kila bua, Bibi anahema, anajishika kiuno, hataki kupumzika. Dada Sekela akamwambia, "Bibi, acha tu, nitanunua mbegu huko huko." Akajibiwa, "Nyamaza uokote."

Tulipata kama kibaba kimoja, kisichojaa. Bibi alikigawa mbele yetu, punje kwa punje karibu, nusu hii nusu ile. Nusu akaifungia kwenye pindo la kitenge cha Sekela, fundo akalikaza kwa meno. Nusu akaipandisha darini. Halafu akasema maneno ambayo sisi tuliyaona ya kawaida tu: "Ikipotea kwa mmoja, ataiomba kwa mwenzake." Dada Sekela alipanda kwenye lori la wakwe zetu huku amelishika lile pindo kama mtoto anayeumwa. Mwaka uliofuata ulezi ulikuwa mahali pawili, kwetu Igamba na kwa dada Itumba, na Bibi alikula ugali wake kabla hajafa.

Siku hizi naishi Tunduma. Mwezi wa tano hapa ni foleni ya malori, vumbi, na joto ambalo halina mpango wa kuondoka. Sijui mvua inaisha lini; naona tu siku moja kwamba nimekuwa nafua muda mrefu bila wasiwasi wa kuanua. Vijana wanafungua simu, simu inawaambia mawingu kiasi, wanatoka na fulana, wanarudi wamelowa, halafu wanailaumu simu. Hata huko nyumbani majira yamekuwa yanajiendea. Sisi tulitetemeka na kuungua siku hiyo hiyo moja, lakini tulikuwa tunajua tunangoja nini. Nimekumbuka sana ile hali, nasema kweli, hata lile sweta la mbuzi.

Mwaka jana binti yangu wa kwanza alichumbiwa. Tukahesabu masufuria, tukahesabu vitenge, na jioni moja likanijia wazo mpaka nikasimama. Nikampigia dada Sekela, Itumba.

"Dada, mwanao anaolewa," nikamwambia. "Nitumie ile mbegu ya Bibi. Hata kiganja kimoja."

 Nikadhani mtandao umekata. Nikaita, "Dada?"

"Nipo," akasema. "Mdogo wangu, mimi si niliacha ulezi zamani? Tulipanda parachichi shamba lote. Sikuwa na wasiwasi, nilijua nyumbani mnayo."

"Nyumbani kaka alishaweka mibuni mpaka mlangoni," nikamwambia. "Tulijua wewe unayo."

 Tukabaki hivyo, kila mmoja na simu sikioni, namsikia anavyopumua, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata.