Maji ya Susu

Sogea karibu nikueleze kwa nini kila nikikata limau mimi hutabasamu.

Nilipokuwa mtoto, baba alipandishwa cheo kiwandani Athi River. Akatupeleka Nairobi, kwenye hoteli yenye meza za vitambaa vyeupe, na akamtoa susu, mama yake, shambani Kithimani ili aje ale naye. Kuku akaletwa, ngozi iking'aa kwa mafuta. Susu akaweka mikono mapajani, akangoja.

Kwetu, unajua, mgeni huletewa maji ya kunawa pale alipoketi. Hapa hakuna aliyeyaleta.

"Sinki iko huko nyuma, shosho, karibu na choo," mhudumu akamwambia kwa upole.

Susu akamgeukia baba. "Niende chooni ndiyo nile? Kuleni nyinyi. Mimi nitakula nyumbani."

Baba alinyong'onyea. Kisha akavua koti la suti, akachukua jagi la maji ya kunywa, lenye vipande vya limau, na bakuli tupu, akainama mbele yake.

"Mwaitu, mama yangu, nawa."

Watu wa meza za jirani wakageuka kutazama. Susu alinawa taratibu, hata katikati ya vidole, nayo harufu ya limau ikatuzunguka.

"Mmetia limau," akasema. "Kwani mikono yangu inanuka?"

Baba alicheka mpaka jagi likatikisika. Susu akararua paja la kuku na kuanza kula.

Ukimpeleka mzazi wako hotelini, usimwonyeshe sinki. Omba jagi na bakuli, umnawishe pale alipoketi.