Dada Alitaka Kiwanja Indonesia

Mara ya kwanza dadangu kunitajia Indonesia tulikuwa jikoni kwake Winson Green, hapa Birmingham. Alikuwa akikaanga sukuma wiki, na aliongea bila kuniangalia. Hilo ndilo lililonishtua, kuliko hata Indonesia yenyewe.

"Kuna kijiji huko, kando ya bahari," alisema. "Watu wananunua viwanja, wanajenga vyumba vya wageni. Nimefikiria na mimi nichukue kimoja."

"Umefikiria na nani?"

Akapunguza moto. "Unamjua."

Nilimjua. Alikuwa Mhindi wa Kisumu, mjane kama yeye, aliyekuwa akiuza vipuri vya magari kule Aston kabla ya kustaafu. Dadangu ni mtunza wazee, na alikuwa amemhudumia mama yake yule bwana hadi mama alipofariki. Tangu hapo wakabaki marafiki. Miezi ya baridi yule bwana alikuwa akihamia Indonesia, na akirudi anawaeleza watu wa Kenya hapa mjini kwamba kule ardhi bado ni rahisi.

Mimi ni nesi katika hospitali moja ya Edgbaston. Katika kazi hii nimezoea kumwangalia mtu anayesema haumwi huku ameshika ubavu. Kanisani kwetu pia wapo waliouziwa viwanja vya nyumbani, wakaenda likizo na kukuta watu watatu kila mmoja na cheti chake cha kiwanja kilekile. Kwa hiyo nilimwambia dada asilipe chochote mpaka nizungumze na huyo bwana.

Alitukaribisha kwake Jumapili, akatupikia chai ya tangawizi. Kiswahili chake kilikuwa cha Kisumu kabisa, hata kuliko changu. Alituonyesha picha kwenye televisheni: maji ya kijani, mashamba ya mahindi yanayoshuka hadi ufukweni, na rasi ndogo yenye nyasi. Hapo kwenye rasi ndipo kiwanja kilipokuwa.

"Hati ya ardhi iko kwa jina la nani?" nikauliza.

"La rafiki yangu wa kijijini. Sheria ya kule haimruhusu mgeni kumiliki ardhi moja kwa moja. Tunaandikiana mkataba na yeye."

"Na huyo rafiki akibadilika?"

"Sista, hao ni watu wazuri. Kuja uone kwa macho yako."

Nilitambua mambo mawili siku ile. Picha zote zilikuwa zimepigwa kutoka upande mmoja, barabarani, na hakuna hata moja iliyoonyesha mgongo wa rasi. La pili, dadangu aliinuka kuongeza chai akafungua kabati la vikombe bila kuuliza.

Nikaomba likizo. Nilimwambia dada kwamba kama anakwenda kuona, tutakwenda wote. Hakufurahi, lakini hakukataa. Yule bwana alikuwa ametangulia.

Safari ilikuwa ndefu, na kutoka uwanja mdogo wa ndege wa mwisho tulipanda gari likatupitisha vilimani hadi ufukweni. Kijiji kilikuwa kidogo: nyumba zilizobanana, msikiti wa bati, mbuzi, na mwani umeanikwa kwenye mikeka. Vijana wa Kizungu walipita kwa pikipiki na mbao zao za kuchezea mawimbi. Kila baada ya nyumba kadhaa palikuwa na kibao cha kuuza ardhi chenye namba ya simu. Nilijiuliza kama wote hao wanaouza wana pa kwenda.

Tulifikia kwenye vyumba vya kukodisha. Mbele yake palikuwa na kibanda cha chakula cha mama mmoja wa rika la dada, akiuza wali na samaki wa kukaanga na pilipili ya kusaga. Alipotuona alisema, "Apa kabar?"

Dada akaniangalia. "Umesikia? Anatuuliza habari."

Tulikaa pale mchana wote tukitafuta maneno yanayofanana. Tulimpa dunia, akasema ni dunia. Tulimpa sababu, akatupa sebab. Wakati kwake ni waktu. Dadangu alicheka kwa namna ambayo sikuwa nimeisikia tangu amzike mume wake, nami nikaanza kulegea. Kisha mama akauliza kwa ishara tumekuja kufanya nini, na dada akaonyesha rasi kwa kidole, akachora nyumba hewani.

Mama akaacha kutabasamu. Akafuta mikono kwa kitambaa, polepole.

"Kuburan," alisema.

Sikuhitaji mkalimani. "Kaburi?" nikamuuliza, nikalaza kiganja juu ya kingine kama mtu aliyelala.

Akaitikia kwa kichwa, akajigusa kifua. "Bapak saya."

"Baba yake," dada akasema.

Asubuhi mama alifunga kibanda akatupeleka. Hakupita barabarani, alituzungusha kwa nyuma, kwenye kijia chenye miiba. Mgongo wa rasi ulikuwa na miti ya maua meupe yenye harufu nzuri, na chini yake mawe, mawili mawili, moja kichwani na moja miguuni, mengine yamepakwa chokaa. Kwenye machache palikuwa na maua ambayo hayajanyauka. Katikati ya mawe hayo mtu alikuwa amepigilia vigingi vyenye rangi nyekundu. Mipaka ya viwanja.

Dada alimpigia yule bwana simu. Alikuja akihema, akasimama kati ya mawe na kofia mkononi.

"Ulijua?" dada akamuuliza.

"Nilionyeshwa kutoka barabarani. Niliambiwa ni mawe tu."

"Miaka yote hii hujawahi kupanda huku?"

"Sisi tunachoma wafu wetu. Ulikuwepo nilipomwaga majivu ya mama. Mimi nitajuaje kaburi la hawa linafanana vipi?"

Nilimtazama usoni kama ninavyomtazama mgonjwa. Jibu lilikuwa la kuaminika, na lilimfaa sana. Sikuona uongo. Nilichoweza kusema ni kwamba sikuuona.

Akampigia rafiki yake mwenye hati, ambaye siku hiyo alikuwa amesafiri. Walizungumza kwa muda, kisha akakata simu, akatuambia tusijali, rafiki anasema makaburi yanaweza kuhamishwa.

"Hapana," dada akasema. Basi. Akamshika mama mkono wakashuka.

Jioni hiyo, tukiwa barazani, nilimuuliza lile lililokuwa kooni mwangu tangu siku ya vikombe. "Niambie ukweli. Wewe na yeye mna nini?"

"Aliniposa," akasema. "Nikamwambia nitamjibu nikishaona kiwanja."

"Sasa?"

"Sasa nimekiona."

Nilirudi Birmingham peke yangu. Dada alimalizia likizo yake kwenye chumba nyuma ya kibanda cha yule mama, na alipokuja alikuja kuacha kazi ya kudumu. Siku hizi anafanya kazi ya muda hapa wakati wa joto, kisha anarudi kule kukaanga samaki, mpangaji tu, hana ardhi wala mkataba na mtu. Vigingi viling'olewa na wanakijiji wenyewe. Yule bwana naye aliwaambia watu wake wa hapa kwamba kiwanja cha rasi kimeghairiwa, na kabla ya Krismasi alikuwa na picha za kingine, mbele kidogo kwenye ufuko huohuo. Baadhi walichukua. Wanasema hati ziko sawa.

Majuzi nilikutana na yule bwana dukani, akichagua bamia. Mwaka huu hakusafiri, alisema ni magoti. Akanisalimu kwa heshima, akaulizia watoto.

"Na dada?"

"Hajambo."

"Mvua imewazidi kule," akasema. "Barabara ya kijiji imekatika."

Dada hakuwa ameniambia. Nilikwenda kwenye gari nikampigia kabla hata ya kuwasha injini. Akasema ni kweli, imekatika tangu Jumanne, wanaletewa mchele kwa mashua.

"Wewe nani amekuambia?" akauliza.

Nikamwambia nimesikia tu.