Kupanda Kabla ya Mvua

Nilipohamishwa kwenda kufundisha shule ya msingi mjini Kitui, nilibeba jembe pamoja na vitabu. Nimezaliwa Nyandarua, ambako ganda la kiazi likitupwa nyuma ya jiko huota lenyewe. Mama yangu alinilea shambani, na niliamini hakuna mtu ambaye angeweza kunifundisha jambo jipya kuhusu mboga. Nyumba niliyokodi ilikuwa nje kidogo ya mji, na nyuma yake kulikuwa na kiwanja cha udongo mwekundu, kikubwa kuliko darasa langu. Siku ya kwanza tu nilishaiona bustani pale.

Wiki ya mwisho ya Machi mvua ilinyesha. Nikainua matuta kama ya nyumbani, marefu na yaliyonyooka, nikapanda viazi na miche ya kabichi. Jirani yangu, mama wa Kikamba wa rika la mama yangu, aliyekuwa akiishi peke yake baada ya watoto wake kuoa na kuolewa, alikuja akasimama upande wa pili wa ua wa waya.

"Mwalimu, unapanda nini hapo?"

"Viazi, mama. Na kabichi."

Aliyaangalia matuta, kisha akaangalia mawingu. "Hii mvua ya Machi usiiamini sana. Hii hupita tu kutusalimia. Ile ya kutulisha huja Oktoba."

Nilimshukuru kwa adabu. Moyoni nilisema, huyu mama hajui ninakotoka.

Mvua ilikaa wiki mbili na siku chache, kisha mbingu ikabaki buluu tupu. Maji ya mfereji yalikuja mara mbili kwa wiki, na mtungi mmoja nilioumimina kwenye tuta ulipotea kama umenywewa na mchanga. Matuta yangu marefu ndiyo yalikauka kwanza, maana yalipigwa na jua na upepo kila upande. Kabichi zilijikunja zikafa. Viazi nilivyochimba vilikuwa na ukubwa wa gololi. Nilivichemsha vyote kwa sufuria moja nikavila peke yangu, na mama yangu aliponipigia simu kuuliza bustani, nilimwambia inaendelea.

Baada ya hapo nikaanza kuujua mwaka wa huku, mwezi baada ya mwezi. Julai ukungu ulikaa juu ya vilima hadi saa nne, watoto wakaja shule na sweta, nami nikangoja mvua ambayo haikuja. Agosti upepo ukabeba vumbi hadi ndani ya kabati la vyombo. Jumamosi moja nikasikia sururu ikigonga kwa jirani. Nikaenda kwenye ua. Jirani alikuwa akichimba vitanda vinavyokwenda chini, si juu, kila kimoja kikiwa kama beseni refu lenye kingo za udongo.

"Mama, ardhi hii ni kama saruji! Kwa nini usingoje ilainike?"

"Ikilainika nitakuwa nimechelewa," alisema, na sururu ikashuka tena.

Wiki ya pili ya Oktoba nilimwona amepiga magoti, akipanda kunde na mbaazi kwenye vumbi kavu kabisa. Nilimwonea huruma. Kwetu mbegu huwekwa kwenye udongo uliolowa, nami nikangoja kama nilivyofunzwa.

Mvua ilikuja nikiwa darasani. Mabati yalipiga kelele mpaka nikaweka chaki chini, na watoto wakapiga makofi. Ilinyesha siku nne bila kupumzika vizuri. Nilipoweza kukanyaga tope na kupanda maharagwe yangu, kunde za jirani zilikuwa zimeshatoa majani. Mwisho wa Desemba mvua ikakatika ghafla. Kunde zake zilikuwa na maganda. Maharagwe yangu yalikuwa na maua tu, na maua yote yakadondoka.

Alinipitishia beseni la kunde juu ya waya. Nililipokea kwa mikono miwili, na aibu ikanifanya niseme nilichopaswa kusema mapema.

"Mama, nifundishe."

Alicheka hadi akashika kiuno. "Mwalimu anataka kufundishwa? Haya. Agosti uje na sururu. Hilo jembe lako uliache ndani."

Nilikwenda. Viganja vilitoka malengelenge, na Jumatatu nilishindwa kushika chaki vizuri. Tulichimba vitanda vyangu wikendi baada ya wikendi, tukachanganya mbolea ya mbuzi, kisha juu tukatandaza nyasi kavu. Oktoba ilipofika alinipa mbegu za kunde, ndengu na mbaazi kutoka kwenye mkebe alioutia majivu ili zisiliwe na wadudu. Niliweka mbegu ya kwanza, naye akaingiza kidole kwenye shimo kupima.

"Ongeza kina. Kuna kamvua kadogo kanakuja kudanganya. Kasiamshe mbegu halafu kaende."

Kamvua kenyewe kalikuja, kakalowesha vumbi juu, kakaenda. Mbegu zilibaki zimelala. Lakini mvua kubwa ilichelewa. Kila asubuhi utabiri wa hali ya hewa kwenye simu uliniambia kesho, na kesho jua likatoka kama jana. Kisha siku moja kabla ya kwenda shule nikakuta kuchakuro, wale kindi wa ardhini, wamefukua karibu nusu ya kunde zangu, maganda ya mbegu yametapakaa. Nilikaa kwenye kizingiti cha jikoni nikalia kidogo, na nguo za kazini nimeshavaa.

Jirani alikuja akahesabu mashimo kwa macho. "Pole, mwalimu. Ukirudi jioni tupande tena."

"Na wakifukua tena?"

"Tutapanda tena."

Tulipanda. Jumamosi iliyofuata nilikuwa nikianika nguo mvua iliposhuka. Niliziacha kwenye kamba. Nilisimama mlangoni nikaona maji yakiteremka kutoka uani, yakifika kwenye vitanda, na kutulia humo. Mwaka uliotangulia maji kama hayo yalibeba udongo wangu hadi barabarani. Sasa hakuna hata kikombe kilichotoka nje ya ua. Nilipiga kelele za furaha, na ng'ambo ya waya nikasikia jirani akijibu kwa kigelegele.

Mama yangu alikuja kunitembelea mwishoni mwa Februari, shule zikiwa zimefunga kwa siku chache. Huo ni wakati wa joto kali, hata mbwa wa mji hushinda chini ya magari. Alishuka basi akijipepea kwa leso, na kondakta akamshushia gunia la viazi na kabichi.

"Nimekuletea chakula," alisema. "Nimetazama dirishani njia nzima. Mnakula nini huku?"

Nilimpeleka nyuma ya nyumba.

Kunde na ndengu zilikuwa zimeshavunwa, zimo ndani ya mapipa. Lakini mbaazi zilisimama za kijani, zimenizidi urefu, zimejaa maganda, na sukuma wiki niliyoinywesha maji ya kufulia ilikuwa na majani mapana chini ya wavu wa kivuli. Mama yangu alichuchumaa, akafunua nyasi, akachomeka kidole kwenye udongo, akakitoa kikiwa na unyevu. Akakinusa.

"Hii umefanya wewe?"

"Mimi, mama. Na huyu mama hapa."

Jirani alikuwa ameshafika kwenye ua. Walisalimiana kwa Kiswahili, kila mmoja na lafudhi ya kwao, na kabla sijaleta viti walikuwa wanabishana kuhusu samadi. Jioni tulikula muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na mbaazi zangu. Mama yangu aliongeza sahani mara mbili, na kabla hatujamaliza majirani wawili walibisha hodi kuniomba mbegu.

Jumapili tulikwenda kanisani watatu. Wageni waliombwa wasimame wasalimie. Mama yangu alisimama, akanyoosha kitambaa chake.

"Bwana asifiwe. Mimi ni mama ya mwalimu. Kwetu Nyandarua mvua haitusumbui. Nilikuja na gunia nikidhani mtoto wangu ana njaa. Nimekuta ana mbaazi za kijani mwezi wa Februari, na majirani wanakuja kwake kuomba mbegu. Sasa ni mimi nitarudi nyumbani nimebebeshwa."

Kanisa zima lilicheka na kupiga makofi, na vichwa vikageuka kututafuta. Niliinamisha uso. Jirani yangu akanigusa goti.

"Kaa wima, mwalimu," alininong'oneza. "Wanakuangalia."

Nikakaa wima.