Jani la Mtondoo

Sogeeni kidogo, na huyo wa mlangoni aingie, nikuhadithieni habari za Mmanga.

Mmanga ni msasi. Wasasi wa upande wetu huu, nyuma ya Wesha, huenda kuwinda na mbwa na nyavu. Yeye alikwenda na upinde na mke wake.

Paa akipigwa mshale hafi papo hapo. Hukimbia na jeraha lake, na hapo ndipo kazi inapoanza: umfuate kwa damu, tone hapa, tone pale, mpaka umwahi na kisu angali hai. Kazi hiyo ilikuwa ya Bi Asya. Alipita mbele, kainama, kanga kaifunga kiunoni, na Mmanga nyuma yake kimya. Watu wakicheka. Aliyecheka kuliko wote ni Hamdan, kaka yake Bi Asya, naye msasi wa kuwinda na mbwa.

"Shemeji," humwambia, "hivi msasi ni nani hapo? Weye naona mchukuzi tu."

"Mchukuzi ninayelipwa supu. Taabu yangu nini?"

"Siku dada yangu akichoka, utafuga kuku!"

Mmanga hucheka nao. Walichokuwa hawakijui ni kwamba Mmanga haoni wekundu. Kwake damu juu ya jani ni kama umande, kama tope, haina tofauti. Bi Asya alilijua hilo mwaka waliooana, msimu wa karafuu. Karafuu huchumwa zinapoanza kupata wekundu, lakini Mmanga alishuka mtini na pakacha la mchanganyiko, mbichi na zilizopea, mwenye shamba akamsema mbele za watu wazima na watoto. Njiani kurudi, Bi Asya akamwonyesha pindo la kanga yake.

"Hii rangi gani?"

"Si kijani hiyo?"

Ilikuwa nyekundu ya kuiva. Bi Asya akaitazama ile kanga, akamtazama mumewe, akasema, "Basi. Hili litakuwa langu na lako." Na likawa lao. Hata Laila, binti yao, hakuambiwa.

Ana sharti moja Bi Asya: mnyama mliyemjeruhi hamumwachi. Jua likizama mnarudi asubuhi. Mvua ikinyesha mnaingia hivyo hivyo. Hawajaacha hata mmoja.

Mwaka juzi akaugua. Maradhi ya tumbo, yale ya kumla mtu taratibu. Hospitali wakafanya walichoweza, kisha wakamwambia Laila kwa upole ampeleke mama nyumbani. Chakula kikawa hakikai. Ikawa asubuhi moja akasema, "Lau ningepata supu ya paa, labda ingekaa."

Mmanga hakusubiri kusikia mara ya pili. Alitwaa upinde, simu akaiacha juu ya kabati kama desturi yake, kwa sababu mlio wake hufukuza wanyama. Akaingia vichakani. Paa alimpata karibu tu, anakula majani machanga. Akapiga bismillahi, akaachia. Alisikia mshale umeingia mwilini, si mtini. Paa akaruka juu, akazama kichakani.

Na Mmanga akabaki amesimama peke yake, mbele yake hakuna mtu.

Alijaribu, msimdhani hakujaribu. Alipapasa majani, akanusa vidole, akafuata nzi. Alikwenda huku akarudi kule mpaka akawa hajui tena alipoanzia. Mwisho likamjia wazo. Kila jani alilolishika likawa na unyevu, akalichuma akalitia kwenye pakacha. Akarudi nalo nyumbani.

Laila alimpokea mlangoni. "Baba! Mgonjwa anataka supu, unamletea majani? Kwani mbuzi huyu?"

"Laila, mwanangu," akaita Bi Asya toka kitandani, "nenda kanitekee maji kwa jirani. Ya hapa yana chumvi."

Maji ya pale hayana chumvi. Laila akaondoka. Mmanga akayamimina yale majani juu ya shuka, Bi Asya akaanza kuyainua moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Mkono ulikuwa mwembamba.

"Hili umande. Hili umande. Hili, Baba Laila, kinyesi cha ndege hiki."

Wakacheka wote wawili. Bi Asya cheko lilimuuma, akajishika tumbo, akangoja kidogo, akaendelea.

"Hili damu. Na hili. Hii ina povu, ya pafu hii. Hafiki mbali." Akageuka. "Umelichuma wapi?"

Mmanga akalitazama pakacha. Majani yote alikuwa ameyatia pakacha moja, yamechanganyika kama zile karafuu.

Bi Asya hakumlaumu. Alilala akatazama dari, kisha akalishika tena lile jani, akalipapasa mishipa yake kwa kidole gumba.

"Mtondoo huu," akasema. "Kule unakopita, mitondoo iko bondeni tu, kwenye kijito. Nenda kamtafute kule."

"Nisikuache hivi, Asya."

"Miye nina Laila. Yeye hana mtu."

"Na supu?"

"Iache supu. Nenda usimwache akafa peke yake, mnyama wa watu."

Akaenda. Mbio, mtu mzima vile. Akashuka bondeni, akaifikia mitondoo, akaanza kulishika jani baada ya jani, analiinua kwenye mwanga kama alivyomuona mkewe akifanya, kana kwamba leo, kwa hisani ya leo tu, atajaaliwa kuona. Hapo kipaza sauti cha msikitini kikakohoa. Haikuwa adhana, alasiri ilikuwa imeshapita. Sauti ya Shehe Nabhan ikasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, ikatangaza kifo cha Bi Asya binti Mgeni, mke wa Mmanga, na maziko asubuhi inshallah.

Alilisikia jina la mkewe, kisha akalisikia lake, amesimama na jani mkononi.

Bi Asya alizikwa asubuhi. Watu walijaa, jamvi likafika mpaka barabarani. Mmanga alipokea mikono ya watu, akaitikia dua, hakulia. Dua ilipokwisha alimwendea Hamdan, aliyekuwa amevimba macho.

"Shemeji, nifuate."

"Wapi tena? Watu wanakuja kuhani."

"Kuna paa nimemjeruhi. Siwezi kumuona."

"Jua lote hili huwezi kumuona?"

"Sioni damu, Hamdan. Sijapata kuiona maisha yangu yote. Dada yako ndiye aliyekuwa akiiona."

Hamdan alimtazama, akingoja cheko lifuate kama kawaida yao. Halikufuata. Nadhani hapo ndipo yalipomrudia maneno yake yote ya mchukuzi na ya kuku, maana alivaa viatu, akatangulia.

Kufika bondeni Mmanga akamwonyesha pale aliposimama tangazo liliposomwa. Hamdan akainama. Haikumchukua muda.

"Hii hapa," akasema. "Imekauka, lakini hii hapa. Na hapa. Na pale."

Paa alikuwa chini ya mtondoo wa mbele, ng'ambo ya kijito. Ukirusha jiwe linafika. Alikuwa ameshakufa, sisimizi wamo machoni, nyama hailiki tena. Mmanga alikaa chini akauchomoa mshale polepole, kama mtu anayemtoa mwiba mtoto. Kisha akasema, "Nionyeshe."

Hamdan akamshika kidole, akakiweka juu ya tone la kwanza. Kisha la pili. Wakarudi hivyo nyuma, jani kwa jani, mpaka pale pale Mmanga alipokuwa amesimama jana. Jani la mwisho lilikuwa usawa wa goti lake.

"Alisema mtondoo," akasema Mmanga. Hapo ndipo alipolia.

Walimchimbia paa shimo kwa kisu na kwa mikono, wakamfukia. Kwa kurudi, Hamdan akatangulia kama alivyotangulia wakati wa kuja. Hakufika mbali, akasikia anaitwa.

"Shemeji, pita nyuma yangu."

"Njia si naijua?"

"Unaijua. Lakini hapo mbele yangu pana mwenyewe."

Hamdan akasimama pembeni, akampisha.